Mgongo wa mtoto hujengwa kabla ya kliniki

Mwanamke aliyetarajia hedhi na isije, kwa kawaida husubiri kwanza. Siku ya tatu anajiambia labda ni uchovu. Siku ya saba anakumbuka kwamba sindano ya uzazi wa mpango aliyoiacha huwa inavuruga tarehe kwa muda. Wiki ya pili kichefuchefu kinaanza, harufu ya vitunguu inamkera, na hapo ndipo anapopita duka la dawa kununua kipimo cha mkojo. Siku anayoiona ile mistari miwili, mrija wa neva wa mtoto, ambao ndio chanzo cha ubongo na uti wa mgongo, umeshajifunga. Au umeshindwa kujifunga.

Mrija huo hukamilika kwenye siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa. Kwa hesabu ya kliniki, inayoanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, hapo ni wiki ya sita ya ujauzito, yaani wiki mbili tu baada ya hedhi kukosekana. Kabla ya hapo mtoto ni bamba dogo la seli ambalo kingo zake mbili hunyanyuka, zikasogeleana na kushikana, kama mtu anayekunja mkeka hadi pande zake zikutane. Ili kingo zifike, seli lazima zizaliane kwa kasi kubwa, na kila seli inapogawanyika inabidi inakili vinasaba vyake vyote upya. Kazi hiyo haiendi bila foleti, yaani vitamini B9. Asidi ya foliki ni umbo la vitamini hiyo linalotengenezwa kiwandani, na ndilo linalopatikana kwenye vidonge na kwenye unga ulioongezwa virutubishi.

Kingo zisipokutana sehemu ya chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Zisipokutana juu, sehemu kubwa ya ubongo na fuvu haiumbiki, na mtoto huyo huzaliwa amekufa au huishi saa au siku chache. Inakadiriwa kwamba zaidi ya mimba 250,000 duniani hupatwa na kasoro za namna hii kila mwaka, na nyingi kati yake zingeweza kuzuilika kwa kirutubishi ambacho gharama yake ni ndogo mno. Kinachokwamisha ni wakati. Huduma kwa mjamzito imepangwa kuanzia mlango wa kliniki, ilhali mwili unakuwa umeimaliza kazi hii wakati mama bado hajajua kwamba ana mimba.

Habari ya vitamini hii ilianzia kwa wanawake wajawazito, tena maskini. Mwaka 1928 daktari Mwingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay kuchunguza upungufu wa damu wa ajabu uliokuwa ukiwaua wajawazito, wengi wao vibarua wa viwanda vya nguo. Chembe zao nyekundu za damu zilikuwa chache lakini kubwa kupita kiasi, kama zilizotolewa kiwandani kabla ya kuiva. Wills aliangalia walichokuwa wakila, akaona kwamba wenye chakula duni ndio waliougua zaidi. Akajaribu vyakula mbalimbali kwa wanyama wa maabara, hatimaye akawapa wagonjwa Marmite, ile hamira nyeusi ya kupaka kwenye mkate ambayo Waingereza waliizoea. Wakapona. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1931 bila kujua kilichomo ndani ya hamira hiyo, na kwa miaka kadhaa kitu hicho kisichojulikana kiliitwa kwa jina lake. Mwaka 1941 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas walichakata tani 4 za spinachi ili kupata kiasi kidogo tu cha dutu yenyewe, na miaka michache baadaye ikaanza kutengenezwa maabara.

Kwa hiyo tangu mwanzo ilieleweka kwamba foleti ni suala la damu ya mama. Kwamba ni suala la mgongo wa mtoto pia, ilichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1965 Hibbard na Smithells, wakifanya kazi Liverpool, waliripoti kwamba akina mama waliozaa watoto wenye kasoro za mfumo wa fahamu walionyesha mara nyingi zaidi dalili za mwili kutotumia foleti ipasavyo. Hata vidonge vilipoanza kujaribiwa, wengi hawakushawishika. Hoja ilikuwa kwamba wanawake wanaomeza vitamini kabla ya kushika mimba ni wale wenye elimu na uwezo, na huenda watoto wao wanasalimika kwa sababu nyingine kabisa.

Jibu lilipatikana mwaka 1991. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza liliendesha jaribio katika vituo 33 vya nchi 7, likiongozwa na Nicholas Wald, na kuwahusisha wanawake 1,817 ambao tayari walikuwa wamepata mimba yenye kasoro hiyo. Waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa miligramu 4 za asidi ya foliki kila siku kabla ya kushika mimba, wengine hawakupewa. Kasoro zilijitokeza katika mimba 27. Kati ya hizo, 6 zilikuwa za wanawake waliopewa asidi ya foliki na 21 za wale ambao hawakuipata. Kinga ya asilimia 72! Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu haikuwa halali tena kuwanyima nusu ya wanawake kitu kinachofanya kazi namna hiyo. Mwaka uliofuata, utafiti wa Hungaria ulionyesha kwamba hata mimba ya kwanza yenye kasoro inaweza kuzuilika. Kisha China, mwaka 1999, ikatoa matokeo yaliyohusu karibu wanawake 250,000. Kaskazini mwa nchi hiyo, kwa wale waliomeza mikrogramu 400 kwa siku tangu kabla ya mimba, kasoro zilishuka kutoka takribani 4.8 hadi 1 kwa kila mimba 1,000.

Mikrogramu 400, yaani miligramu 0.4, ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linampendekezea kila mwanamke anayepanga kushika mimba, aanze kabla na aendelee hadi wiki ya 12.

Takwimu pekee hazionyeshi mzigo wenyewe. Katika wodi za upasuaji wa watoto za Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, mzigo huo una sura. Mtoto mchanga analazwa kifudifudi au kwa ubavu, kwa sababu kiunoni ana uvimbe laini uliofunikwa kwa utando mwembamba ambao ukipasuka vijidudu vinapata njia ya moja kwa moja hadi kwenye ubongo. Anatakiwa afanyiwe upasuaji ndani ya siku mbili au tatu za kwanza. Mama aliyejifungulia zahanati ya mbali, akapewa rufaa ya wilaya, kisha mkoa, kisha Dar es Salaam, ni nadra kuwahi. Upasuaji hufunga kidonda, lakini haurudishi neva zilizokwisha kuharibika. Wengi wa watoto hawa hujaa maji kichwani, na huwekewa mrija unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni. Mrija huo huziba au kuambukizwa, na safari ya hospitali huanza upya. Miguu inaweza isipate nguvu. Kibofu hakijiongozi, hivyo mzazi hufundishwa kumtoa mtoto mkojo kwa mpira mara kadhaa kwa siku, kila siku, maana mkojo unaobaki ndani huua figo polepole.

Wazazi wa Tanzania wameunda chama chao cha watoto wenye mgongo wazi na vichwa vikubwa, ASBAHT, na kazi yao kubwa imekuwa kuwapa wengine moyo na kupambana na maneno. Maneno ni mengi. Mama huambiwa alirogwa, au alivunja mwiko, au ukoo wake una laana. Baba huondoka, si mara moja wala mbili. Basi inafaa lisemwe wazi jambo moja: asidi ya foliki hupunguza sana hatari, lakini haiifuti. Vinasaba vina sehemu yake, kisukari kisichodhibitiwa kina sehemu yake, na baadhi ya dawa za kifafa, hasa valproeti, zina sehemu kubwa. Mama aliyemeza kila kidonge anaweza bado kumzaa mtoto mwenye mgongo wazi, na yule ambaye hakumeza hana hatia ya kukosa kitu ambacho hakuna aliyemweleza.

Vilevile, si kila kichwa kikubwa kinatokana na ukosefu wa foleti. Katika hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Mbale, mashariki mwa Uganda, daktari Mmarekani Benjamin Warf aligundua kwamba zaidi ya nusu ya watoto waliojaa maji kichwani walipata tatizo hilo baada ya maambukizi ya ubongo katika wiki za mwanzo za maisha. Hao hawangesaidiwa na kidonge chochote cha ujauzito. Walihitaji kukingwa na maambukizi. Kuyachanganya makundi haya mawili kunawapotosha wazazi na kunawapotosha wapanga bajeti.

Turudi kliniki. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 unaonyesha kwamba asilimia 34 ya wajawazito Tanzania walianza kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Ni maendeleo, kwani katika utafiti wa 2015-16 walikuwa asilimia 24. Lakini hata hao wa mapema wengi hufika wiki ya nane, ya kumi, ya kumi na mbili. Sababu za kuchelewa zinajulikana kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki. Mimba changa haitangazwi, kwa kuhofia kijicho. Vituo vingi humtaka mama aje na mwenzi wake siku ya kwanza ili wapimwe pamoja, na asiye na mwenzi, au ambaye mwenzi wake yuko machimboni Geita, huambiwa atafute barua ya mtendaji. Wengine wanapiga hesabu ya nauli na kuona bora waanze tumbo likionekana, wapunguze safari. Na wako ambao hawakuipanga mimba kabisa.

Anapofika, hupewa vidonge vya FEFO, mchanganyiko wa madini ya chuma na asidi ya foliki, ambavyo kila mtu huviita vidonge vya kuongeza damu. Vinachafua tumbo, vinafanya choo kiwe cheusi na kigumu, na pakiti nyingi huishia kwenye droo. Ni hasara. Utafiti huohuo wa 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa umri wa kuzaa Tanzania wana upungufu wa damu, na mjamzito anayeingia chumba cha kujifungulia akiwa na damu kidogo hana akiba ya kupoteza. Vidonge vya miezi ya katikati na ya mwisho vinaokoa maisha ya mama. Kumeza usiku pamoja na chakula hupunguza kichefuchefu. Kusubiri saa moja au mbili kabla ya chai ya rangi husaidia madini ya chuma kuingia mwilini. Ila kwa mgongo wa mtoto, vidonge hivyo vimefika baada ya kazi kuisha.

Liko jambo jingine ambalo maduka ya dawa hayalisemi vya kutosha. Vidonge vya asidi ya foliki vinavyouzwa kwa wingi ni vya miligramu 5, zaidi ya mara kumi ya kiwango cha kawaida. Kiwango hicho kina watu wake: mwanamke aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, anayetumia dawa za kifafa, mwenye kisukari au siko seli, na wote hao wanapaswa kuelekezwa na daktari. Kwa wengine kuna hatari ya moja kwa moja katika nchi za malaria. Dawa ya SP, ambayo wajawazito humezeshwa kliniki kuanzia miezi mitatu ya pili ili kuwakinga na malaria, inafanya kazi kwa kumnyima kimelea foleti. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba miligramu 5 za asidi ya foliki kila siku huidhoofisha SP, wakati miligramu 0.4 haziigusi. Mjamzito anayejinunulia vidonge vikubwa kwa nia njema anaweza kuwa anamlisha kimelea.

Na chakula je? Foleti ipo, tena kwenye vyakula vya bei ya kawaida: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya kunde, sukuma wiki, maharage, choroko, mbaazi, karanga, parachichi, machungwa. Maini yana nyingi sana, ila mjamzito asiyale mara kwa mara kwa sababu yana vitamini A kupita kiasi. Shida iko jikoni. Foleti huyeyuka kwenye maji na huharibiwa na moto wa muda mrefu, na namna tunavyopika mboga za majani, kuzikatakata, kuzichemsha hadi zilegee, kumwaga maji ya kwanza kisha kuzirudisha tena jikoni na nazi au karanga, huacha sufuriani kidogo sana cha vitamini iliyokuwa bustanini. Kisamvu hakina budi kuchemshwa muda mrefu, kwa sababu ya sumu yake. Mchicha hauhitaji. Dakika chache kwenye sufuria iliyofunikwa, kwa maji yake yenyewe, zinatosha. Hata hivyo mwili hufyonza foleti ya chakula kwa shida kuliko ile ya kiwandani, na kufikia mikrogramu 400 kwa sahani pekee, kila siku, miezi kadhaa kabla ya mimba ambayo pengine haikupangwa, ni jambo ambalo wanawake wachache wanaliweza.

Ndiyo maana nchi nyingi ziliamua kupitia kwenye unga. Marekani na Canada zilianza kuongeza asidi ya foliki kwenye unga wa ngano kwa lazima mwaka 1998, na katika majimbo ya Canada yaliyofuatiliwa kasoro za mrija wa neva zilishuka kwa asilimia 46. Afrika Kusini ilifanya hivyo mwaka 2003, kwa ngano na mahindi, na kasoro zikapungua kwa takribani asilimia 30. Uingereza, iliyoongoza jaribio lile la 1991, ilibishana kwa zaidi ya miaka 30. Sheria yake ilipitishwa Novemba 2024. Ni vigumu kulisamehe hilo ukikumbuka idadi ya familia zilizopita katikati.

Somo la karibu zaidi na walaji wa ugali linatoka Texas. Mwaka 1991, katika mji wa Brownsville ulio mpakani na Mexico, watoto watatu walizaliwa bila ubongo katika hospitali moja ndani ya saa 36. Uchunguzi ulichukua miaka. Mmoja wa watuhumiwa wakuu ni fumonisini, sumukuvu inayotokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi, ambayo huziba njia ya foleti kuingia kwenye seli. Akina mama wa eneo hilo, wengi wenye asili ya Mexico, walikula mikate ya mahindi karibu kila mlo. Sheria ya 1998 ya Marekani haikugusa unga huo wa mahindi. Ruhusa ya kuuongezea asidi ya foliki ilitolewa mwaka 2016 tu. Fumonisini hiyohiyo imepimwa mara nyingi kwenye mahindi ya Tanzania na Kenya. Kwa hiyo kukausha mahindi vizuri, kuyatandaza kwenye turubai badala ya udongo na kuchambua punje zilizooza kabla ya kusaga, ni sehemu ya afya ya uzazi hata kama hakuna bango la kliniki linaloandika hivyo.

Tanzania ilitoa kanuni za kuongeza virutubishi kwenye chakula mwaka 2011, na Kenya ikafuata mwaka 2012. Unga wa ngano unaotoka kwenye viwanda vikubwa una asidi ya foliki, madini ya chuma, zinki na vitamini B12. Anayekula chapati na maandazi kila siku mjini anapata kitu. Lakini chakula kikuu ni ugali, na sehemu kubwa ya mahindi ya Tanzania husagwa kwenye mashine za mtaani na vijijini, ambako mteja huja na debe lake na kuondoka na unga wake. Wengi hupenda sembe, iliyokobolewa ganda na kiini, ambavyo ndivyo vyenye vitamini. Mwenye mashine hana maabara wala mizani ya kupima gramu chache za virutubishi kwa gunia.

Shirika la Sanku lilikuja na kifaa kinachofungwa juu ya mashine ya kusaga. Kifaa hupima uzito wa nafaka inayoshuka kwenye kihori, kinadondosha kiasi kinacholingana cha virutubishi, kisha kinatuma taarifa kwa mtandao wa simu ili ijulikane mashine gani imeishiwa au imezimwa. Gharama ya virutubishi hufidiwa kwa kununua mifuko ya unga kwa jumla na kuwauzia wasagaji, hivyo bei ya unga kwa mlaji haipandi. Ni ubunifu mzuri, na umeenea kwenye mashine nyingi nchini. Hata hivyo unamfikia zaidi anayenunua unga wa mfuko. Yule anayeleta debe la mahindi ya shambani kwake bado yuko nje.

Ethiopia ina tatizo hilohilo kwa ukubwa zaidi, kwani kiwango chake cha mgongo wazi ni miongoni mwa vya juu duniani na familia nyingi husaga nafaka zao wenyewe. Wataalamu huko wamegeukia chumvi. Afrika Mashariki ina uzoefu wa miongo kadhaa wa kuweka madini joto kwenye chumvi, na tezi shingoni, ambayo zamani ilikuwa kawaida katika mikoa ya nyanda za juu, imepungua sana. Chumvi yenye madini joto na asidi ya foliki kwa pamoja imeshajaribiwa katika vijiji vya kusini mwa India, na baada ya miezi minne foleti katika damu ya wanawake ilipanda mara kadhaa. Changamoto zilizobaki ni za kiufundi: asidi ya foliki ina rangi ya manjano inayoonekana kwenye chumvi nyeupe, na haipendi jua wala unyevu wa ghala. Wazalishaji wadogo wa pwani watahitaji mashine na usimamizi. Lakini chumvi hununuliwa Tandahimba na Kasulu sawa na Kariakoo, na huinunua hata mwanamke anayelima mahindi yake, akayasaga kijijini kwake, na ambaye hajui bado kama mwezi huu amepata ujauzito.